Mlango Mdogo Uliokwenda Kutembea Riyadh

Wanangu mliobaki karakanani, mkitumwa kazi mji wa watu, tembeeni. Msije mkarudi Jeddah hamjui kitu ila rangi ya pazia la hoteli. Kazi haikimbii, na mji wa watu hautakuja kukutembeleeni nyumbani kwenu. Lakini mzigo wa kazi uacheni ndani. Mimi nilitembea nao, na mzigo wenyewe ulikuwa mlango.

Najua mmeshaanza kucheka. Aliyekuambieni kwamba Fundi Saidi aliwahi kuutoa sadaka mlango wa tajiri hakusema uongo, ila amekupeni mifupa akala nyama yeye. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma kusimama na randa, na sina tena bosi wa kumwogopa. Nitakupeni chote, pamoja na ile habari ya rula, ambayo kwa muda mrefu ilinitoa jasho kila nilipoikumbuka.

Kwanza mjue mbao. Jeddah ni mji wa jasho, mbao hapa hunywa unyevu mpaka ikavimba. Riyadh ni kukavu, midomo hupasuka, na mbao ileile ikifika kule hunywea. Hayo sikuyasoma kitabuni. Mlango wa kwanza niliotengeneza kwa ajili ya Riyadh niliulinganisha na fremu yake hapahapa Balad, mji wa kale wa Jeddah, ukakaa sawasawa, hata karatasi haipiti ubavuni. Baada ya miezi miwili mwenye nyumba akapiga simu kusema paka wa jirani anaingia na kutoka bila kubisha hodi. Nikadhani anatia chumvi. Akaniletea picha: mlango umetiwa komeo, paka nusu yuko ndani, nusu yuko nje, ananitazama mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nassor. Alikuja kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, kijana, hana kitu ila sanduku la patasi za baba yake, akafungua karakana kwenye kichochoro cha Balad. Mimi nimezaliwa mtaa wa Baghdadia, hapahapa Jeddah, watu wangu nao walitoka hukohuko Unguja, na mama yangu alinipeleka kwake akisema huyu mtoto mikono haitulii, mfanye kitu. Nyinyi leo mna kidude cha kupimia unyevu, mnakichoma kwenye mbao kinakupeni namba. Mzee Nassor alikuwa na shavu. Aliuweka ubao shavuni, akafumba macho, akasema, "Huu bado haujakauka, urudishe." Tulipokuja kununua hicho kidude tukapima nyuma yake kwa siri, shavu lilishinda.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mlango wa Riyadh sharti unywe hewa ya Riyadh siku tatu kabla ya randa ya mwisho na bawaba. Ya pili, kasoro ya mbao hutibiwa kwa mbao. Si kwa saruji, si kwa rangi, si kwa gundi na vumbi la msumeno. Hii ya pili ndiyo niliyoivunja.

Miaka michache iliyopita Balad ilianza kupendeza. Kila kichochoro kikawa na mkahawa, kikombe cha kahawa kidogo kama kofia ya msumari na bei yake mtu hupaswa kukaa kitako kwanza. Watoto wa Mzee Nassor, walio na kazi zao nzuri za maofisini, wakaitaka karakana iwe mkahawa. Mzee macho yalikuwa yamefifia, hawezi tena kuchonga. Akawaambia wanawe: kuna tajiri wa Riyadh, Abu Faisal, anajenga nyumba ya wageni, anataka milango kumi na mitatu. Saidi ataanza na lango kubwa. Tajiri akiridhika akaagiza ile kumi na miwili iliyobaki, karakana itabaki karakana na atapewa Saidi. Asiporidhika, pikeni kahawa yenu.

Basi mimi nikachonga lango lile kwa roho yangu yote. Lango kubwa la namna ile huwa na mlango mdogo katikati yake, wa kupita mtu mmoja akiinama, ili lango zima lisifunguliwe kila mara. Lango likatangulia kwa lori. Mlango mdogo nikabaki nao, kwa sababu nilikuwa nimeuharibu.

Nilipima tundu la pete ya kubishia hodi kutoka ubavu usio wake. Nikatia keekee, nikatoboa, nikasimama nyuma nitazame. Tundu limekaa kando, sentimita nne. Kutoboa jingine pahala pake ni rahisi, lakini lile la kwanza lizibwe na nini? Kuchonga kiraka cha msaji kifuate mshipa wa mbao ni kazi ya siku nzima, na Mzee yumo mumo humo karakanani, angesikia patasi akauliza. Mezani palikuwa na rula ya plastiki ya mjukuu wangu Thuraya, ya kijani, alikuja nayo kufanya hesabu zake. Nikaikata vipande, nikavipachika kwa gundi, nikafunika kwa sahani ya shaba ya ile pete, skurubu nne. Mzee akaupapasa mlango wote kwa vidole, akafika kwenye shaba, akasita kidogo, akasema, "Haya, nenda." Nikashukuru Mungu kwa macho yake mabovu. Ndivyo hofu inavyomfanya mtu akawa mbaya.

Nikapanda nao ndege. Kimo chake kinanifika kifuani, upana wake mabega yangu. Kufika Riyadh, jengo la Abu Faisal lipo kwenye lipu mbichi, maji yanachuruzika ukutani. Msimamizi akasema hapana pa kuuweka, kaa nao mwenyewe mpaka siku ya kuutia. Hotelini kwangu kiyoyozi kinaunguruma mfululizo. Nikampigia Mzee.

"Usiufungie kwenye kiyoyozi, utapasuka," akaniambia. "Na nyumba mbichi usiulaze. Utoe nje uzoee hewa."

"Nje wapi, Mzee? Mimi niko hotelini."

"Kwani Riyadh hakuna nje?"

Mzee alikusudia niusimamishe kivulini mahali. Mimi nilikuwa na siku tatu mikononi, mji sijapata kuuona vizuri maisha yangu yote, na ruhusa ya fundi mkuu. Nikauvisha mlango blanketi, nikaufunga mgongoni kwa kanga ya mke wangu, namna mama anavyombeba mtoto, nikatoka kwenda kutembea.

Wanangu, mji wa watu utauona vizuri ukiwa na mlango mgongoni, kwa sababu kila mtu anataka kusema nawe. Dereva wa teksi wa kwanza aliukatalia. Wa pili aliuweka kiti cha nyuma, akaufunga mkanda, na njia nzima akawa anautazama kwenye kioo. Nikaenda Diriyah nikaona kuta za udongo. Nikaenda kwenye mnara ule mrefu wenye tundu juu, mlinzi akaniuliza huo mlango wa wapi, nikamwambia bado haujawa wa popote, akaandika kitu kwenye daftari.

Siku ya pili, kwenye uwanja mmoja wa matembezi, nilichoka. Nikauvua blanketi upigwe na hewa kama nilivyoagizwa, nikausimamisha, nikaushikilia kwa mkono mmoja, mkono wa pili nakula sambusa. Kugeuka, nyuma yangu pamesimama watu saba, mmoja nyuma ya mwenziwe. Mama mmoja akaniuliza kiingilio ni kiasi gani. Nikamwambia, "Bibi, nyuma ya mlango huu hamna kitu." Akasema amekwishaona maonyesho mabaya kuliko hayo, akasubiri. Kijana mmoja alibisha hodi. Nikauzungusha nikamfungulia, nifanye nini? Akapita upande wa pili, akatazama huku na huku, akaniambia shukran, akaenda zake ameridhika.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Kesho yake baada ya alasiri Abu Faisal anafungua nyumba yake, wageni wamekwishaalikwa, na lango langu limesimama pale na tundu katikati kama mtu aliyeng'oka jino. Asubuhi nikaona jumba dogo la makumbusho, la mtu binafsi. Nikasema niingie saa moja tu. Mlinzi wa mbele akanionyesha lango la nyuma: mizigo mikubwa hupokelewa kule. Kule nyuma palikuwa na karani aliyefurahi kuniona kupita kiasi.

"Tulikuwa tunakungoja tangu jana!" akasema.

Ningejiuliza ananingoja mimi kwa lipi. Sikujiuliza. Nilimwona ni mtu mwenye adabu tu; baadaye ndipo nilipojua walikuwa wakimngoja mtu mwingine, aliyeahidi kuwapa mlango wa kale. Akanipa karatasi nitie saini. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa vifaa, chini kabisa, chini ya nyundo, nikaona uvivu kuitafuta. Nikatia saini.

"Nitaupata nikitoka?" nikauliza.

"Utauona ndani, inshallah."

Nikatembea nikatazama mabirika, mikuki, vitanda vya wafalme. Baada ya saa mbili nikaingia chumba cha mwisho, nikaukuta mlango wangu. Umesimamishwa kwenye jukwaa, taa inaumulika, kamba nyekundu imeuzunguka, na kikadi kimeshachapwa: mlango wa ghala la mfanyabiashara, una umri wa miaka kama mia na hamsini. Watu wameuzunguka wanapiga picha. Mbele yao mkuu wa jumba, msomi kijana ambaye wote walimwita Daktari, anawaeleza jinsi ulivyochakazwa na upepo wa jangwa.

Nikapita chini ya kamba nikamwambia, "Bwana, huu ni wangu."

Akacheka kwa upole. "Ulikuwa wako. Umetutunukia." Akanionyesha karatasi, na saini yangu hiyo hapo, imenyooka kuliko siku zote. "Usione haya, ami. Watu wengi wakishatoa hujuta."

"Sikutoa! Nimeuchonga mwenyewe, mwezi uliopita!"

"Ami," akasema, "mikono iliyochonga namna hii imekufa zamani."

Sikujua nishukuru au nimpige. Nikabaki nanung'unika kwa Kiswahili, na hapo nyuma yangu nikasikia sauti.

"Mzee, kumbe wewe ni mtu wetu? Aki ningejua mapema!"

Alikuwa mwanamke mwenye sare ya usafi na kitambaa cha vumbi begani. Akaniambia jina lake Mwende, wa Machakos, anafanya hapo mwaka wa pili. Nilipomweleza, akaweka mikono kiunoni, akamgeukia Daktari kwa Kiarabu chake cha kazini.

"Daktari, huu mlango mafi zamani, si wa kale hata kidogo. Mimi ndio hupanguza kila kitu hapa. Kitu cha zamani vumbi imeingia ndani ya maua ya kuchongwa, hata ukipanguza haitoki. Huu uko clean ndani ndani. Ata harufu ni ya mafuta mpya."

Huo ndio utaalamu, wanangu. Mtu mmoja tu chumbani mle alijua ukweli, na ndiye pekee ambaye hakuna aliyemuuliza. Daktari akamwambia kuna glasi imemwagika chumba cha pili. Mwende hakuondoka.

Nikampigia Abu Faisal aje aseme mali ni yake, na nikampigia Mzee Nassor kwa simu ya picha nikaiegemeza kwenye birika la karne fulani. Abu Faisal akaja mbio na kanzu yake nyeupe, nikasema nimeokoka. Daktari akamnong'oneza kidogo. Nikaona uso wa tajiri unabadilika.

"Miaka mia na hamsini?" akaniuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu si kweli, bosi!"

"Subiri, subiri." Akamgeukia Daktari. "Na lile lango kubwa, nalo litakuwa la umri huohuo? Unaweza kunipa cheti?"

Wakaanza kupatana mbele yangu. Jumba litamwazima mlango wake mwenyewe, na kikadi kitawekwa kwenye lango la nyumba ya wageni. Abu Faisal akanipiga bega kwa furaha. "Saidi, halas, kazi yako imetoka vizuri mno. Ile kumi na miwili usiihangaikie. Nitatafuta ya namna hii kwenye majumba ya zamani, ning'oe."

Hapo nikapiga hesabu. Nikinyamaza, mlango unarudi, sherehe inafanyika, kila mtu amefurahi, na siri yangu imelala chini ya shaba milele. Na karakana inakuwa mkahawa, kwa sababu nani atamwagizia kazi fundi aliyekufa zamani? Nikisema, itabidi nionyeshe, na cha kuonyesha kilikuwa kimoja tu. Nikaitazama simu pale birikani. Uso wa Mzee Nassor umejaa kioo kizima, sikio liko mbele, anasikiliza. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikatoa bisibisi.

Daktari alipiga kelele kama namtoa jicho. Mwende akasimama baina yetu na kitambaa chake cha vumbi, akasema, "Yalla mzee, haraka!" Skurubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Shaba ikatoka. Ndani ya mlango wa miaka mia na hamsini mkaonekana plastiki ya kijani, imeandikwa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Mwende ndiye aliyesema kwanza. "Haki ya Mungu, si hiyo ni rula ya watoto wa shule?"

Daktari akavua miwani, akaivaa, akainama. Akaondoa kikadi taratibu akakitia mfukoni, kisha akaichana karatasi yangu bila kunitazama. Abu Faisal alikuwa amewiva uso. "Umenitilia plastiki kwenye lango langu?"

"Nimekutilia, bosi. Nilikosea kupima, nikaogopa kusema."

Halafu birika likasema.

"Rula ya nani?"

"Ya Thuraya, Mzee."

"Umemnunulia nyingine?"

"Bado."

"Mnunulie. Na kiraka ukitie sasa hivi, cha msaji, huyo tajiri akiona kwa macho yake. Unayo nyundo yako ya mbao?"

Ninayo. Kichwa chake ni cha msaji, alinichongea mwenyewe siku nilipomaliza kujifunza. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nikatoka uani pa jumba, nikakata kipande cha nyundo yangu, nikachonga kiraka kifuate mshipa wa mlango, nikakigonga kikaingia na sauti ile mnayoijua, sauti ya kitu kilichofika kwao. Abu Faisal alisimama kivulini akitazama kila kipigo, hasira zikimtoka kidogo kidogo, mwisho akachuchumaa kando yangu na kanzu yake kwenye vumbi akauliza hii patasi ya upinde inaitwaje. Mwende aliniletea chai. Daktari naye alikuja, akasimama mbali, akatazama mikono yangu.

Kesho yake mlango uliingia mahali pake, siku tatu za matembezi zimeukausha barabara, paka hapiti. Abu Faisal alipita wa kwanza akagonga kichwa, akaomba kumi na miwili, kwa sharti kwamba kila sahani ya shaba aletewe haijapigwa skurubu. Ndiyo sababu mpaka leo nyinyi hufunga shaba mbele ya mwenye mali. Mlikuwa mkidhani ni mila ya Unguja.

Niliporudi Balad nilimkuta Mzee Nassor kwenye benchi lake. Akanipa funguo za karakana kabla sijakaa.

"Wanangu watanuna," akasema. "Wanune."

"Mzee, mimi nimekuaibisha mbele za watu."

"Umeniaibisha hasa. Tundu lako nililijua siku ileile, shaba ilikuwa imekaa juu kidogo. Nikasema nisubiri nione utaifungua mwenyewe au hutaifungua." Akapapasa goti lake. "Mie yalinifika hayohayo, Saidi. Nikanyamaza."

Akanieleza. Ujanani alipewa kutengeneza mlango wa nyumba moja ya kale hapo Balad, wa asili ukamwozea mkononi, akachonga mwingine. Akakosea, akaziba kwa nusu ya kitana cha mkewe, Bi Zuwena, akafunika shaba. Wenyewe hawakutambua. Nyumba ile sasa ni ya watalii, na mlango ndio wanaoupiga picha.

"Kila mwaka mie huenda," akasema. "Nalipa tiketi kama watu. Yule anayetembeza wageni husema aliyeuchonga hajulikani, kafa zamani. Nami nimesimama palepale, mkono wangu mfukoni. Hujui inavyouma, kulipa tiketi ukaambiwe umekufa." Kisha akasema, "Siku nikifa kweli, wewe kawaambie."

Mzee Nassor tulimzika kabla ya Ramadhani hii iliyopita. Mwezi jana nilikwenda kwenye nyumba ile, nikalipa tiketi, nikapanda ngazi na kundi la wageni. Binti mmoja anayewatembeza akasimama mbele ya mlango, akasema aliyeuchonga hajulikani.

Nikainua mkono juu, namna ya mwanafunzi. "Anajulikana," nikamwambia, na mkono wa pili ukaenda mfukoni kwenye bisibisi.